Mzee wa Reli Mbele ya Nyumba ya Panda

MGENI kutoka Afrika ya Mashariki akifika Beijing huonyeshwa kwanza Ukuta Mkuu, kisha Kasri la Wafalme, na mwisho husimamishwa katikati ya uwanja wa Tiananmen apigwe picha. Ndiyo desturi, na si desturi mbaya. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba, mzee mmoja kutoka Mbeya, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, alivikataa vyote hivyo. Alimwambia mjukuu wake, binti anayesomea udaktari wa mifugo katika jiji hilo, kwamba siku ya kwanza angependa apelekwe mahali pamoja tu: bustani ya wanyama iliyoko nje ya Xizhimen, penye nyumba ya panda.

"Babu, umevuka bahari kuja kutazama mnyama?" binti aliuliza huku akicheka.

"Nimekuja kulipa deni," mzee alijibu, wala hakucheka.

Nauli yake ilikuwa imechangwa na watoto wake watano. Kila mmoja alidhani kwamba baba anakwenda kumsalimu mjukuu na kuyaona tena majengo aliyosomea ujanani. Hayo yote yalikuwa kweli, ila hayakuwa kweli yote.

Walishuka kutoka treni ya chini ya ardhi katika kituo kinachoitwa kwa jina la bustani yenyewe, kilichofunguliwa mwaka 2009. Mzee, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ilipita ndani ya kichwa cha treni, alisimama kidogo kusikiliza jinsi breki zinavyoachia, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. Walipotokeza juu barabarani hakuutambua mtaa. Baiskeli alizoziacha zikienda kama maji ya mto zilikuwa zimekwisha, na mahali pake palijaa magari. Ndipo akatafuta kwa macho alama ya zamani, akaiona: mnara mwembamba wenye nyota kileleni, wa jumba la maonyesho lililojengwa mwaka 1954 kwa msaada wa Warusi.

"Hapo hapo," alisema. "Nyota ikiwa mkono wako wa kulia, lango liko mbele yako."

Na kweli lango lilikuwa mbele yao.

Kijana wa mwaka 1972

Wasomaji wengi wanazijua habari za reli ya TAZARA, urefu wake wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na jinsi kazi ilivyoanza mwaka 1970 na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Wasiojulikana sana ni vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia ambao tangu mwaka 1972 walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, ili njia itakapokamilika wawepo wenyeji wa kuiendesha. Mzee huyu alikuwa mmoja wao. Chuo chao cha reli kilikuwa mwendo mfupi tu kaskazini ya bustani ya wanyama.

Masomo yalikuwa magumu. Kwanza walifundishwa Kichina, ndipo wakafundishwa mitambo, ishara na taratibu za njia. Baridi ilikuwa kali kwa watu waliozaliwa kwenye jua. Chakula kilikuwa kigeni, isipokuwa kimoja kilichowakumbusha nyumbani: andazi gumu la unga wa mahindi lililopikwa kwa mvuke, liitwalo wotou. Vijana wa Tanzania waliliita ugali wa Peking, kwa kuwa ndivyo mji ulivyokuwa ukiitwa siku hizo katika lugha za kigeni.

Siku za Jumapili mfukoni hamkuwa na fedha za kwenda mbali, hivyo bustani ikawa matembezi yao. Ni bustani ya zamani. Ilianzishwa mwaka 1906, wakati wafalme wa ukoo wa Qing walipokuwa wakikaribia mwisho wa utawala wao, na ikaanza kupokea watazamaji mwaka 1908. Jina la Bustani ya Wanyama ya Beijing lilipatikana mwaka 1955, na katika mwaka huo huo panda wakaanza kufugwa hapo. Tarehe 9 Septemba, 1963, ndani ya bustani hii alizaliwa Ming Ming, panda wa kwanza duniani kuzaliwa akiwa katika mikono ya binadamu.

Jumapili moja ya mwaka 1973, kijana wa Mbeya alisimama mbele ya panda akiwa na kamusi mfukoni. Mfanyakazi mmoja wa bustani, mtu mzima, alimsogelea na kuzungumza naye polepole ili aeleweke. Alimweleza kwamba mnyama yule hapatikani popote ulimwenguni isipokuwa katika milima ya China, na kwamba wamebaki wachache, ndiyo sababu wanalindwa. Halafu akauliza: "Na kwenu mna mnyama gani mkubwa?"

"Tuna wengi. Tuna kifaru."

"Nao wamebaki wachache?"

Kijana alicheka. Maneno aliyoyatafuta hayakuwa magumu. "Hapana," alisema. "Vifaru wetu hawahesabiki."

Jibu hilo ndilo lililokuwa deni lake.

Mnyama mwenyewe

Nyumba ya panda ya siku hizo haiko tena kama ilivyokuwa. Leo mtazamaji hukuta nyumba mbili: moja iliyojengwa kwa ajili ya Michezo ya Asia ya mwaka 1990, ambayo alama yake ilikuwa panda, na nyingine ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2008. Ipo tikiti ya kuingia bustanini, na ipo nyongeza kidogo kwa atakaye kuingia kwa panda. Ndani kuna vioo virefu, na nje kuna viwanja vya majani vyenye miti, magogo na vidimbwi vya maji.

Asubuhi ile watu walikuwa wengi. Watoto walivaa kofia zenye masikio meusi, akina mama waliwanyanyua mabegani, na kila mmoja alikuwa ameinua simu yake kupiga picha. Wenyeji wa Beijing huwajua panda wao kwa majina kama watu wanavyowajua wachezaji wa mpira. Mmoja wao, Meng Lan, alijipatia sifa mwezi Desemba 2021 alipojaribu kuparamia na kutoka nje ya uwanja wake mbele ya watazamaji. Walinzi waliwaondoa watu, naye akarudishwa ndani kwa kushawishiwa na chakula. Kwa vituko vyake watu wamempa jina la utani, Mwana wa Mfalme wa Tatu wa Xizhimen. Mswahili angesema kwamba mnyama huyu amelitimiza jina lake, kwani panda asiyepanda ni panda gani?

Wachina wenyewe humwita xiongmao, yaani dubu-paka. Wataalamu wamethibitisha kwamba ni wa ukoo wa dubu. Lakini dubu huyu ameiacha nyama akashika mianzi, na hapo ndipo shida zake nyingi zilipoanzia. Tumbo lake bado ni tumbo la mla nyama, fupi na lisilojua kuyayeyusha majani. Katika mianzi anayoila hupata faida ya sehemu ndogo tu, isiyozidi moja ya tano, na iliyobaki hutoka kama ilivyoingia. Kwa sababu hiyo hana budi kula muda wa saa 10 hadi 16 kila siku, na katika siku moja aweza kumaliza kilo 12 hata 38 za mianzi. Beijing haina mianzi ya kutosha kwa walaji wa namna hiyo, hivyo huletwa kwa magari kutoka mikoa iliyo kusini zaidi.

Mzee alimwangalia mmoja aliyekuwa ameketi kitako kama mtu, mgongo kwenye gogo, miguu mbele. Alikuwa ameshika ufito wa mwanzi mkononi, akiumenya ganda kwa meno na kulitupa pembeni, kisha akitafuna kiini kwa sauti iliyosikika. "Tazama anavyoshika," binti alisema. "Hicho unachokiona kama kidole gumba, Babu, si kidole. Ni mfupa wa kifundo cha mkono uliorefuka. Ana vidole vyake vitano kama wanyama wengine, na huo ni wa sita wa kushikia mianzi."

Mtumishi alipita akaweka katika sinia vipande vya tufaha, karoti, na kitu cha rangi ya njano kilichokatwa vipande. Mzee akasogeza uso kiooni.

"Hiyo ni wotou!" alisema kwa mshangao. "Anakula ugali wetu wa chuoni!"

Watu waliokuwa karibu hawakuelewa Kiswahili chake, lakini walimwona akicheka, nao wakacheka.

Kuzaa kwa panda nako ni kwa mashaka. Jike huwa tayari kupokea dume mara moja tu kwa mwaka, kwa siku mbili au tatu, na zikipita zimepita. Mtoto huzaliwa akiwa na uzito wa kama gramu 100, kipofu, mwekundu, bila manyoya, nusu ya uzito wa panya mkubwa, ilhali mama yake ana uzito wa kilo mia moja hivi. Mara nyingi huzaliwa mapacha, na porini mama huchukua mmoja akamwacha mwingine afe. Katika vituo vya kufugia, watunzaji wamejifunza kuwabadilishana. Mmoja yuko kwa mama, mwenzake yuko katika sanduku la joto, na baada ya saa chache huhamishwa bila mama kutambua. Kwa ustadi huo, na kwa utaalamu wa kupandikiza mbegu ambao uliwahi kufanikiwa kwa mara ya kwanza katika bustani hiyo hiyo mwaka 1978, panda wanaofugwa walikuwa wamefikia 728 mwishoni mwa mwaka 2023.

Kifaru alipokuwa fedha

Kuna habari moja ambayo mzee hakuijua, nayo binti alimsimulia wakiwa wamekaa kwenye benchi chini ya miti iliyokuwa ikipukutisha majani.

Mwaka 1958 bustani hii ya Beijing ilitaka wanyama wa Afrika. Mfanyabiashara mmoja wa wanyama kutoka Austria, Heini Demmer, aliwaleta twiga, vifaru, viboko na punda milia wa Afrika ya Mashariki, na badala yake akapewa panda jike aitwaye Chi Chi. Alikusudia kumpeleka Marekani, lakini serikali ya huko ilikuwa imepiga marufuku bidhaa zote za China, na panda naye akahesabiwa kuwa bidhaa. Akazungushwa katika miji ya Ulaya hadi bustani ya wanyama ya London ilipomnunua. Huko akawa kipenzi cha taifa zima. Mara mbili, mwaka 1966 na mwaka 1968, alikutanishwa na dume la Moscow lililoitwa An An, na mara zote mbili ndoa ilikataa. Alikufa Julai 1972 bila mtoto.

Mwaka 1961, shirika la WWF la kuhifadhi wanyama lilipoanzishwa, picha ya panda iliyotokana na Chi Chi ndiyo iliyofanywa nembo yake. Na mwaka huo huo, mwezi Septemba, katika mkutano uliofanyika Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko la kuahidi kwamba Tanganyika, iliyokuwa ikikaribia uhuru wake, ingewatunza wanyama wake wa porini kama amana kwa ajili ya vizazi vijavyo.

"Kwa hiyo," mzee alisema taratibu, "panda yule alinunuliwa kwa vifaru."

"Ndiyo, Babu. Na twiga."

"Siku hizo kifaru alikuwa kama chenji ya mfukoni." Akanyamaza kidogo. "Ndiyo maana na mimi nilijibu vile."

Mianzi ilipochanua

Haifai mtu kudhani kwamba wenyeji wa China walikuwa wema tangu mwanzo, au kwamba njia yao ilikuwa nyepesi. Mianzi ina tabia ya ajabu. Huishi miaka mingi bila ua, kisha msitu mzima huchanua kwa pamoja na kufa kwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1970, wakati vijana wa TAZARA walipokuwa wakimaliza masomo yao, mianzi ya milima ya Min ilichanua, na maiti za panda zisizopungua 138 zikaokotwa. Zamani mnyama angehamia bonde la pili kutafuta mianzi ya aina nyingine. Safari hii bonde la pili lilikuwa limekatwa miti na kulimwa.

Mwaka 1983 mianzi ilichanua tena katika milima mingine ya Sichuan. Hesabu iliyofanywa katika miaka ya 1980 ilikuta panda wa porini 1,114 tu. Mitego iliyotegewa paa wa miski iliwanasa na panda, na walikuwapo watu waliowaua makusudi kwa ajili ya ngozi. Mtaalamu aliyeingia katika milima ya Wolong mwaka 1980 kushirikiana na Profesa Hu Jinchu katika uchunguzi wa panda, George Schaller, ni yule yule aliyewahi kukaa Serengeti katika miaka ya 1960 akichunguza maisha ya simba. Alikuta mnyama anayekaribia kwisha.

Kilichomwokoa si mapenzi ya watazamaji peke yake. Kwanza, sheria ya kulinda wanyama ilitungwa mwaka 1988, na adhabu za majangili zikawa kali mno. Pili, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1998, ukataji wa misitu ya asili ulisimamishwa katika mikoa ya milima hiyo, na wengi waliokuwa wakishika misumeno wakaajiriwa kuwa walinzi wa misitu na wapandaji wa miti. Tatu, hifadhi zilizokuwa chache ziliongezwa hata zikafika 67, na mwaka 2021 sehemu kubwa ya maeneo hayo ikaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Panda. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2015 ilionyesha panda 1,864 porini, na mwaka uliofuata mnyama huyo akaondolewa katika daraja la walio hatarini kutoweka, akawekwa daraja moja nafuu zaidi.

Hata hivyo yapo ya kufikiriwa. Zamani China iliwatoa panda zawadi kwa mataifa rafiki, kama walivyopewa Wamarekani wawili mwaka 1972. Tangu miaka ya 1980 hawatolewi tena, huazimwa kwa malipo, na watoto wanaozaliwa ugenini huwa mali ya China. Wapo wanaosema kwamba biashara imeingia ndani ya huruma. Tena kumrudisha porini mnyama aliyelelewa kwa chupa ni kazi ngumu. Xiang Xiang, wa kwanza kuachiwa mwaka 2006, alikutwa amekufa mwaka uliofuata. Wingi wa panda nyuma ya kioo si sawa na wingi wao mlimani.

Usiku wa mfuko

Mzee alisikiliza yote kwa makini, kisha akasema jambo ambalo hakuwa amepata kumwambia mtu, hata marehemu mkewe.

Alipoanza kuendesha treni, alisema, alikuwa akiwaona vifaru kwa macho yake katika nyika ya Selous, kabla ya kufika Kisaki. Asubuhi na mapema walisimama kando ya njia kama mawe, na treni ilipopiga honi waligeuka wakaingia vichakani. Baadaye wakawa adimu. Halafu wakawa hawaonekani kabisa.

Mwaka 1984, wakati bidhaa zilipokuwa za shida na mishahara haikutosha, mtoto wa mama yake mdogo alimjia usiku nyumbani kwake, akiwa na mfuko wa katani. Alimwomba amwekee hadi alfajiri. "Hakuniambia kuna nini," mzee alisema. "Nami sikumwuliza. Lakini nilipousukuma chini ya kitanda niligusa. Kulikuwa na kubwa na ndogo. Nikajua. Nilikuwa na saa saba za kukata shauri, mjukuu wangu, na nikalala usingizi."

Mwezi mmoja baadaye ndugu yule alimletea redio mpya ya betri sita. Watoto walifurahi. Nyumba nzima ilisikilizia mpira katika redio ile kwa miaka mingi, na majirani walikuja barazani. Mwaka 1989, serikali ilipoanzisha Operesheni Uhai ya kuwasaka majangili, habari zilisomwa katika redio ile ile. Mzee aliinuka akaizima. Hakuiwasha tena. Wala hakwenda kusema alichokijua, kwa kuwa ndugu ni ndugu. Ndugu huyo alikwisha kufariki. Redio bado iko juu ya kabati.

Binti alikaa kimya. Kwa masomo yake alizijua hesabu zenyewe. Mwaka 1970 vifaru weusi barani Afrika walikadiriwa kuwa 65,000, na mwaka 1995 walikuwa hawafiki 2,500. Katika Tanzania, iliyokuwa na maelfu, walibaki makumi. Pembe, ambayo si kitu zaidi ya kile kinachofanya ukucha wa mtu, zilikwenda Yemen kutiwa mipini ya majambia, na zilikwenda Mashariki ya Mbali kusagwa dawa. China yenyewe ilikuwa moja ya masoko hayo, mpaka mwaka 1993 ilipopiga marufuku biashara hiyo. Kwa hiyo katika miaka ile ile watu wa milima ya Sichuan walipokuwa wakifundishwa kumlinda panda, katika maduka ya dawa ya miji yao pembe ya kifaru ilikuwa ikiuzwa.

"Babu," alisema hatimaye, "siwezi kukuambia kwamba si kitu. Ni kitu. Lakini na hawa nao walikuwa na mifuko yao ya usiku. Mtu aliuza ngozi, jirani yake akanyamaza. Na waliokata msitu ndio baadaye waliopewa kazi ya kuulinda."

"Walipewa kazi," mzee alirudia. "Mimi nilipewa redio."

Jibu

Jua lilipokuwa limepanda walirudi tena kwenye kiwanja cha nje. Panda waliokwisha shiba walikuwa wamelala kwenye magogo kama magunia. Mama mmoja mfanyakazi wa bustani, aliyekuwa akifagia majani makavu karibu na uzio, alimwona mzee wa Kiafrika akisoma kwa sauti maneno ya Kichina yaliyoandikwa ubaoni. Aliacha ufagio akamsalimu, akamwita Babu kwa lugha yake, na kumwuliza anatoka wapi.

"Tanzania," mzee alijibu kwa Kichina chake cha zamani. "Nilisoma hapa. Reli."

Mama yule alifurahi. Jina la reli ile hata leo halijasahauliwa huko. Kisha, kama watu wa kazi ile wafanyavyo, akauliza: "Huko kwenu mnamlinda mnyama gani?"

Binti alimtazama babu yake. Mzee alichukua muda mrefu kidogo, maana maneno mengine alikuwa ameyasahau, akaomba asaidiwe kuyatafsiri.

"Mwambie," alisema, "kwamba nilipokuwa kijana nilisimama hapa nikamwambia mwenzake kwamba vifaru wetu hawahesabiki. Mwambie nilikosea. Sasa wanahesabika. Kila mmoja anahesabiwa. Wanajulikana kwa alama za masikioni, na walinzi huwafuata mchana na usiku. Wengine wana majina. Ngorongoro alikuwapo bibi mmoja aitwaye Fausta, aliyejulikana tangu mwaka 1965, akafa Desemba 2019 akiwa na miaka kama 57. Alipozeeka na macho kufifia, na fisi kuanza kumshambulia, alijengewa uzio wake, akatunzwa hadi siku yake. Mwambie kwamba barani kote sasa vifaru weusi wamepita 6,000. Ni wachache, lakini wanaongezeka."

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno fupi, nalo halikuhitaji kutafsiriwa: ni vizuri. Akainama akachukua ufagio wake.

Hakuna kitu kingine kilichotokea. Mzee hakununua kofia yenye masikio wala kinyago cha panda, ingawa maduka ya langoni yalijaa. Alimwomba mjukuu wake karatasi, akamwambia amwandikie hesabu zote mbili upande kwa upande, za panda na za kifaru, pamoja na miaka yake, kwa maandishi makubwa. Karibu na nyumba yake Mbeya kuna shule ya msingi, na mwalimu mkuu amekuwa akimwomba kila mara aje awasimulie watoto habari za ujenzi wa reli. Safari hii alikuwa tayari kwenda. Angewasimulia habari za reli, angewasomea hesabu, na angebeba ile redio.

"Utawaambia ilikotoka?" binti aliuliza.

"Nisipowaambia ilikotoka," mzee alisema, "ya nini kuibeba?"

Wakatoka langoni, nyota ya jumba la maonyesho sasa ikiwa mkono wao wa kushoto, wakashuka ngazi kwenda kuipanda treni.